Nitarajie Nini Nikianza Uzamivu wa Sosholojia?

Msomaji mmoja wa Dodoma ametuandikia hivi: "Nina umri wa miaka 38 na shahada ya uzamili ya sosholojia. Kwa miaka tisa nimefanya kazi katika mashirika yasiyo ya kiserikali, na sasa ni afisa ufuatiliaji na tathmini. Ninatamani kusoma shahada ya uzamivu kuhusu mikopo na wanawake wafanyabiashara wadogo. Nina mume na watoto wawili wanaosoma shule ya msingi. Nitarajie nini hasa? Nisome hapa nchini au nitafute nafasi nje? Na je, sijachelewa?"

Ndugu yangu, barua yako ina maswali matatu, nami nitayajibu yote, ila si kwa uzito sawa, kwa sababu la kwanza ndilo ambalo watu wengi huingia katika uzamivu bila kuwa wamelitafakari. Nimesimamia na kutahini tasnifu za sosholojia kwa miaka mingi, na wanafunzi niliowaona wakiishia njiani hawakuwa wamepungukiwa akili. Karibu wote walifika uwandani, wakakusanya data nzuri, wakarudi na madaftari yaliyojaa, kisha wakapotelea katika kipindi ambacho hakuna aliyewahi kuwasimulia: mwaka mmoja na nusu au miwili ya kukaa na data hizo peke yao, bila ratiba ya masomo, bila mtihani, bila mtu wa kuwauliza wamefika wapi. Ushauri mwingi nitakaokupa hapa unakusudia kukuvusha salama katika kipindi hicho, hata pale utakapoona ninazungumzia mambo ya mwanzo kabisa.

Katika uzamili ulitakiwa kuonyesha kwamba unaweza kuzitumia nadharia na mbinu zilizotengenezwa na wengine. Katika uzamivu unatakiwa kusema jambo ambalo wanataaluma wa fani yako hawakulijua kabla yako, na kulithibitisha mbele ya watu wenye haki ya kulikataa. Jambo hilo si lazima liwe kubwa, lakini ni lazima liwe jibu la swali. Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa ambaye bila shaka ulikutana naye tangu muhula wa kwanza, aliitetea tasnifu yake kuhusu mgawanyo wa kazi katika jamii mwaka 1893, na kazi yote ile nene ilizunguka fumbo moja aliloliweka mwanzoni: inakuwaje mtu binafsi, kadiri anavyozidi kujitegemea, ndivyo anavyozidi kuitegemea jamii? Hilo ni fumbo la kweli, maana pande zake mbili zinaonekana kugongana, na anayelisikia hutaka kujua jibu. Tasnifu isiyo na fumbo la namna hiyo inaweza kuwa na kurasa mia tatu za taarifa sahihi, na bado mtahini akafika ukurasa wa mwisho akijiuliza mwandishi alikuwa anatafuta nini.

Sasa niiangalie barua yako. Imetaja mada, haijataja swali, na kazi unayoifanya inaweza kukuchelewesha kuiona tofauti hiyo. Mashirika yamekufundisha mengi yatakayokufaa: kutengeneza dodoso, kuongoza majadiliano ya vikundi, kuandika ripoti kwa tarehe iliyopangwa. Lakini katika ufuatiliaji na tathmini swali hutoka kwa mfadhili, viashiria vimeshaandikwa katika mpango wa mradi, na wewe unapima kama lengo limefikiwa. Wanafunzi wanaotoka huko huniletea mapendekezo yenye umbo hilo hilo, kwamba watachunguza mchango wa mikopo katika kuinua hali za wanawake katika wilaya fulani. Jibu la utafiti wa aina hiyo linajulikana kabla haujaanza: mchango upo, changamoto zipo, na mapendekezo kwa serikali yapo. Msimamizi mzuri atakurudishia pendekezo kama hilo mara tatu au nne, nawe utahisi anakuonea. Vumilia hatua hiyo, kwa kuwa anakuokoa na kipindi kile nilichokitaja, ambamo mtu mwenye data nyingi na asiye na swali hujikuta hana pa kuanzia.

Chukua hali ambayo naamini unaiona kila siku. Mama anayeuza vitumbua karibu na soko la Majengo ni mwanachama wa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Ananunua hisa kila wiki, kikundi chake kinakopesha kwa riba nafuu, na kina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Hata hivyo siku mambo yanapombana hukimbilia mkopo wa "kausha damu", ambao rejesho lake linadaiwa kila siku na ambao akishindwa kuulipa hubebewa friji au televisheni mbele ya majirani. Kwa nini anauacha mkopo nafuu wa watu wanaomfahamu na kuufuata mkopo mkali wa mtu asiyemfahamu? Wengi watajibu haraka kwamba ni kwa sababu kausha damu hutoka siku hiyo hiyo, na huenda wakawa sahihi kwa sehemu. Lakini inawezekana pia kwamba ndani ya kikundi mkopo huulizwa sababu, na sababu hiyo ikishatajwa mbele ya wanawake ishirini na tano itafika kwa mume, kwa mawifi na kwa mwenye nyumba, ilhali mkopeshaji wa mtaani haulizi chochote zaidi ya dhamana. Ikiwa ni hivyo, riba kubwa anayoilipa ni bei ya siri, nawe umetoka katika mada ya mikopo na kuingia katika sosholojia ya heshima, ujirani na ndoa.

Swali hilo linashika pia mambo ya sheria na sera bila kuyalazimisha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, wakopeshaji wasiopokea amana wakawekwa daraja la pili na vikundi vya kijamii daraja la nne, kana kwamba ni dunia mbili, na mwanamke wako anaishi katika zote mbili kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo wanawake hutengewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Mtafiti mwenye mada tu ataiandika habari hiyo katika sura ya usuli na kuendelea na safari yake. Mwenye swali atakwenda kuwauliza wanawake wa kikundi kimoja walikopa wapi katika miezi ile ya katikati, na walimficha nani.

Sina maana kwamba ulichukue swali langu. Litafute la kwako, lakini liwe na mgongano kama huu, na ulijaribu kwa kumweleza mtu asiye mwanasosholojia, mumeo kwa mfano, kwa sentensi mbili. Akikuuliza "ehe, kumbe kwa nini?" umelipata.

Kuhusu mahali pa kusoma, tofauti kubwa baina ya nchi ni namna safari yenyewe ilivyopangwa, na hilo lina uzito kuliko sifa ya jina la chuo. Marekani huanza na takribani miaka miwili au mitatu ya kozi za nadharia, mbinu na takwimu, ikifuatwa na mitihani ya kufuzu, kisha pendekezo, uwandani na tasnifu, na kwa kawaida yote huchukua kati ya miaka sita na minane. Vyuo vingi vyenye programu imara hukusamehe ada na kukulipa posho, nawe unafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au unamsaidia profesa katika utafiti wake. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, kozi ni chache, tasnifu ndiyo kila kitu, na ada kwa mgeni ni kubwa kiasi kwamba bila ufadhili kamili sikushauri hata uwaze. Ujerumani wanafunzi wengi wa uzamivu ni waajiriwa wa mradi wa profesa, kwa hiyo swali lako linaweza kulazimika kuinama ili litoshee katika mradi huo. Karibu zaidi nasi, Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, chini ya Profesa Mahmood Mamdani, ilianzisha mwaka 2012 programu ya miaka mitano inayoanza na kozi nzito za kusoma na kujadili, kwa hoja kwamba mwanafunzi wa Kiafrika hafai kuachwa peke yake na msimamizi mmoja tangu siku ya kwanza. Nakubaliana na hoja hiyo kabisa.

Hapa nchini, katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, utakutana hasa na njia ya tasnifu pekee, ingawa ipo pia njia ya kozi pamoja na tasnifu. Kwa tasnifu pekee, karatasi zitakuambia miaka mitatu. Panga mitano, na usishtuke ikifika sita, maana mwanafunzi aliye kazini hupoteza karibu mwaka mzima kwenye pendekezo na vibali, mwaka uwandani, na miaka miwili hadi mitatu katika kuandika na kusubiri watahini. Kwa mada yako, kwa umri wa watoto wako na kwa kuwa uwanda wako uko mlangoni, ningekushauri usome nchini. Uliza pia Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na ambacho kiko mjini kwako, kina nani anayeweza kukusimamia katika eneo hili. Lakini ukichagua njia ya tasnifu pekee, fahamu kwamba unanunua uhuru kwa upweke, na upweke huo itakubidi uupangie dawa mwenyewe: omba kuhudhuria seminari za uzamili hata kama hazikuhusu kwa matokeo, na tafuta wenzako wawili wa mwaka mmoja nawe, wa fani yoyote ya sayansi za jamii, mkubaliane kusomeana kurasa kumi kila mwezi bila kukosa. Sijaona mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa uaminifu akashindwa kumaliza.

Msimamizi mchague kwa makini kuliko chuo. Usitazame cheo chake peke yake, maana profesa mashuhuri anaweza kuwa na wanafunzi kumi na wanne na majukumu ya utawala juu yake. Watafute wanafunzi wake wawili, mmoja aliyemaliza na mmoja aliyekwama, na uwaulize jambo moja tu: ukimpa sura, hukaa nayo muda gani, na ikirudi huwa imeandikwa nini pembeni? Msimamizi wangu wa kwanza, ambaye chuo chake sitakitaja, alikaa na sura zangu mbili kwa miezi kumi na mmoja, na ziliporudi zilikuwa zimesahihishwa tahajia hadi ukurasa wa sita. Nilimheshimu mno hata nikaogopa kuomba abadilishwe, na heshima ile ilinigharimu karibu miaka miwili. Sisi tumelelewa tusimkumbushe mkubwa, lakini katika jambo hili kumkumbusha kwa adabu, kwa maandishi, baada ya wiki nne, ni haki yako kama mwanafunzi, na msimamizi mwema hulipokea bila kinyongo. Mnapoanza, kubalianeni kwa barua mtakutana mara ngapi, na kila mnapomaliza kikao mwandikie muhtasari mfupi wa mliyoafikiana, kwa kuwa watu husahau na wengine huhama.

Vibali vitakuchukua muda kuliko unavyodhani hata wewe uliyezoea kuingia vijijini na barua ya shirika. Ukiwa umesajiliwa katika chuo kikuu cha umma cha hapa, barua ya kukutambulisha hutoka kwa uongozi wa chuo, ambapo ukisajiliwa nje ya nchi utahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kutoka hapo barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, mkurugenzi wa jiji au halmashauri, mtendaji wa kata, na mwisho mtendaji wa mtaa na mwenyekiti wake. Hapo ndipo mtego wa mada yako ulipo. Mtendaji atataka akupeleke mwenyewe nyumba kwa nyumba, kwa wema kabisa, na mwanamke anayedaiwa akimwona mtendaji mlangoni pamoja na mgeni mwenye daftari ataamini kwamba umetumwa kumdai. Mshukuru, sajili jina lako ofisini kwake, kisha ingia kwa njia nyingine, labda kwa kukaa miezi miwili sokoni kabla ya kumhoji mtu yeyote. Kumbuka pia kwamba tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sauti ya mtu anayeeleza madeni aliyomficha mumewe ni taarifa nyeti kuliko nyingi utakazowahi kushika. Andika mapema itahifadhiwa wapi, nani ataisikia, na itafutwa lini.

Uwandani penyewe utapapenda. Wanafunzi wangu wengi huniambia ule ndio mwaka waliojiona wasomi wa kweli, na sina haja ya kukueleza namna ya kukaa na watu, kwani unaijua. Nitasimama kwenye jambo moja ambalo vitabu vya mbinu, ambavyo karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, hulipita juu juu, nalo ni lugha.

Utahoji kwa Kiswahili, na wakati mwingine kwa Kigogo ukitoka nje ya mji, lakini tasnifu yako ya sosholojia itaandikwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wengi, wakitaka kuokoa muda, humpa msaidizi rekodi za sauti azinakili moja kwa moja kwa Kiingereza, kisha huchambua Kiingereza hicho. Nakusihi usifanye hivyo. Chukua neno moja tu, kujistiri. Mwanamke akikuambia "nilikopa ili nijistiri", ameweka pamoja nguo ya mwilini, chakula cha wageni waliofika ghafla, ada ya mtoto iliyolipwa kabla hajarudishwa nyumbani mbele ya wenzake, na aibu ya ndoa iliyofunikwa isionekane na majirani. Msaidizi mwenye haraka ataliandika kama kukidhi mahitaji, na kiini cha swali lako kitakuwa kimepotea hapo hapo, kabla wewe hujakisoma. Neno "kuhangaika" lina kazi, lina dhiki na lina heshima ya mtu asiyekaa bure. Neno "rejesho", ambalo benki hulitumia kwa utulivu, kwa mdaiwa wa kausha damu lina saa, lina mlio wa pikipiki na lina moyo kwenda mbio. Nakili mahojiano kwa lugha yaliyofanyiwa, yaweke alama na kuyachambua kwa lugha hiyo hiyo, na ufikie Kiingereza mwishoni kabisa, kwa zile nukuu utakazozitumia tu, huku maneno kama haya ukiyaacha katika Kiswahili chake na kuyaeleza. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha anayoitafiti ana hazina hapa, na mara nyingi mchango wa tasnifu hupatikana katika neno ambalo wote tulikuwa tunalitamka bila kulitazama.

Bei ya njia hiyo ni muda. Saa moja ya mazungumzo huchukua saa tano au sita kuinakili vizuri, kwa hiyo mahojiano arobaini ya saa moja moja ni zaidi ya saa mia mbili za kazi. Nakili angalau kumi kwa mkono wako mwenyewe, tena ukiwa bado uwandani, kwa sababu ndipo utakapogundua swali ambalo hukuliuliza na bado unao uwezo wa kurudi kuliuliza.

Kisha utarudi nyumbani, na hapo ndipo penye kile nilichokutahadharisha mwanzoni. Kwa wiki chache utapumzika, na utastahili. Baada ya hapo utafungua data na kuona ni nyingi mno, kila mhojiwa anasema la kwake, na hoja uliyoiandika kwenye pendekezo haionekani popote. Hali hiyo ni ya kawaida kabisa na haina maana kwamba utafiti umeharibika, lakini kwa kuwa kila mwanafunzi huipitia akiwa peke yake, kila mmoja hudhani imempata yeye tu. Wapo watakaokimbilia kusoma vitabu zaidi. Wapo watakaoyapanga upya mahojiano kwenye programu ya kompyuta mara ya tatu na ya nne, wakiamini kwamba NVivo itawaonyesha jibu. Na kwa mtu mwenye ujuzi kama wako ipo njia ya kukimbilia iliyo tamu kuliko zote: kazi za ushauri. Shirika litakupigia simu likuombe tathmini ya wiki tatu kwa malipo mazuri, nawe utajiambia kwamba ni hiyo moja tu. Nimewazika wanafunzi wanne wa aina hiyo, nikitumia neno hilo kwa maana ya kitaaluma, na wote walikuwa hodari kuliko mimi.

Dawa ninayoifahamu ni kuanza kuandika kabla kipindi hicho hakijafika. Tangu mwezi wa kwanza uwandani andika kila Ijumaa kurasa mbili kwa sentensi kamili, si kwa vidokezo, zikieleza jambo moja lililokushangaza wiki hiyo na unachodhani linamaanisha. Baada ya mwaka utakuwa na karibu kurasa mia moja zenye mawazo yaliyokwisha kuzaliwa, na utakaporudi nyumbani utayasahihisha mawazo badala ya kuyasubiri. Anza na sura ya matokeo uliyo na uhakika nayo zaidi, hata kama ni ya nne au ya tano. Sura ya nadharia na mapitio ya maandishi uliyoiandika kwenye pendekezo utaibomoa baadaye, kwa hiyo usiipambe sasa. Tenga saa mbili za alfajiri, siku tano kwa wiki, kabla watoto hawajaamka, kwani mwenye familia hapati siku nzima ya kuandika, na akiisubiri itapita miaka.

Mazungumzo na mumeo yafanyeni kabla ya kujisajili, na yawe ya mambo mahususi. Nani atahudhuria vikao vya shule unapokuwa uwandani? Nani atakwenda msibani kwa niaba yenu wote wawili katika miezi ya kuandika? Mwanamke aliye masomoni huendelea kudaiwa na ukoo mahudhurio yote ambayo mwanamume aliye masomoni husamehewa, na nisipokuambia hivyo nitakuwa nimekuficha jambo linalowachelewesha wanafunzi wangu wa kike kuliko ugumu wa nadharia yoyote. Kwa upande wa fedha, usihesabu ada pekee, bali nauli, wasaidizi wa utafiti, kunakili mahojiano, na miezi ambayo hutakuwa na mshahara. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, huwafadhili pia wanaosoma ndani ya ukanda wetu, na CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii lenye makao yake Dakar tangu mwaka 1973, limekuwa likitoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu, ambazo thamani yake kubwa ni kukukutanisha na wenzako wa nchi nyingine.

Utahini ni mfupi kuusimulia. Tasnifu huenda kwa watahini, walau mmoja akiwa wa nje ya chuo, na kusubiri ripoti zao kunaweza kula miezi mingi bila kosa lako. Kisha utaitwa kuitetea mbele ya jopo. Ni nadra mtu kupita bila masahihisho, na ni nadra vilevile kushindwa kabisa, kwa hiyo tarajia masahihisho na uyapokee bila ugomvi. Swali ambalo halikosekani ni mchango wako ni upi, nalo huulizwa kwa njia tatu au nne tofauti. Aliyeanza na fumbo hulijibu kwa sentensi moja. Uliza mapema kama chuo chako kinadai makala iliyochapishwa au kukubaliwa kabla ya kuhitimu, na msimamizi akuonyeshe majarida ya kweli, kwa maana yako yanayochapisha chochote mradi umelipa.

Umeuliza kama umechelewa. Kielimu hujachelewa hata kidogo, na kwa mada hii miaka tisa ya kazi yako ni mtaji. Kiajira, hata hivyo, kuna hesabu ambayo lazima uifanye sasa, hasa kama unatamani kufundisha katika chuo kikuu cha umma. Matangazo ya ajira za utumishi wa umma huwataka waombaji wasiozidi miaka 45, isipokuwa walio tayari kazini serikalini. Ukianza mwaka huu na kutumia miaka sita utamaliza ukiwa na 44, yaani kwenye kizingiti. Pia matangazo mengi ya nafasi ya mhadhiri msaidizi yamekuwa yakidai GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, na shahada ya uzamivu, hata iwe nzuri namna gani, haiifuti GPA ya ujana. Ikiwa yako inatosha, ushauri wangu ni uombe kwanza nafasi ya mhadhiri msaidizi kwa shahada uliyonayo, kisha usome uzamivu ukiwa mwajiriwa wa chuo, ukiwa na mshahara na ruhusa ya masomo. Ikiwa haitoshi, uzamivu bado unaweza kukufaa katika taasisi za utafiti kama REPOA, katika vyuo binafsi, au katika mashirika yaliyokulea, lakini hapo mpango wako wa fedha na wa muda utakuwa mwingine, na hata aina ya tasnifu utakayoandika inaweza kubadilika. Kwa hiyo kabla hujamwandikia msimamizi yeyote, toa vyeti vyako vya matokeo na uziangalie namba hizo mbili.